Tambara Ndani ya Bomba

Kila Jumamosi asubuhi, Nadhira na rafiki yake Mwikali waliteremka ufukoni Mtongwe kuosha motaboti ya Bwana Aqil, babake Nadhira. Motaboti hiyo ilipeleka mboga na nyama kwenye meli zilizotia nanga Kilindini, na mara nyingine ilivusha watu. Fundi wake alikuwa Kioko, babake Mwikali, mtu wa Machakos. Yeye na familia yake walikaa katika chumba kilicho nyuma ya ghala la Bwana Aqil.

Kazi ya kuosha hawakuichukia, ila kitu kimoja tu kiliwaudhi. Bomba jembamba lilitoka kwenye injini likapanda mpaka nyuma ya ubao waliokalia abiria. Kioko aliliita bomba la kupumulia. Mwaka huo wa Uhuru lilikuwa likitema moshi wenye mafuta, na ubao mzima ukatapakaa weusi.

"Ringi za pistoni zimechoka, Bwana Aqil," Kioko alikwisha kusema. "Moshi unazipita unaingia tumboni mwa injini. Tuifungue."

"Tutaifungua, inshallah, kazi ikipungua."

Kazi haikupungua. Nani asiyemjua Bwana Aqil!

Ikakaribia harusi ya jamaa zao, na wanawake wangevushwa kwa motaboti hiyo. Shangazi Khairiya alikuja mapema kuikagua, akakunja pua.

"Leso zangu ni mpya," alisema. "Nikitiwa doa na hilo dude lenu, wallahi mtanijua mimi nani!"

Nadhira alitaka kumfurahisha shangazi yake. Akachana kipande cha leso kuukuu, akakikunja, akakishindilia ndani ya bomba kwa kijiti mpaka kikakaza. Moshi ukakatika. Siku ya harusi wanawake wakavuka wakiimba, wala hakuna aliyepata doa. Nadhira akajiona mjanja kwelikweli. Tambara akaliacha palepale, na hakumwambia mtu.

Haukupita muda, injini ikaanza kuvuja oili mbele na nyuma. Maji ya ngamani, chini kabisa ya chombo, yakawa meusi tititi. Kioko akabadilisha gasketi zinazoziba maungio, ikavuja. Akabadilisha na sili za kuzuia oili, ikavuja zaidi. Siku moja alifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikizunguka, na moshi ukamrukia usoni.

"Oili hii haivuji yenyewe," alisema akijifuta macho. "Inasukumwa kutoka ndani. Lazima kuna kitu..."

"Kuna fundi asiyejua kazi!" Bwana Aqil alimkatiza, na watu wote ufukoni wakageuka. "Meli inangoja mboga, wewe kutwa unabadilisha gasketi kama mtu anayejaribu kofia! Basi, imetosha. Nitatafuta fundi mwingine, na chumba changu nakitaka."

Nadhira alikuwa papo hapo, ndoo mkononi. Aliposikia kwamba oili inasukumwa, akakumbuka moshi aliouzibia njia. Alijua pale pale ni lile tambara lake. Akafungua mdomo, akamtazama babake alivyofura kwa hasira, akaufunga. Aliogopa, basi. Usiku alilala bila kula, akamwambia mamake tumbo linamuuma.

Kesho yake alikwenda kwa akina Mwikali. Alimkuta mamake Mwikali akifunga masufuria ndani ya shuka, na Mwikali ameketi mlangoni, macho yamemvimba.

"Tunarudi Machakos," Mwikali alisema. "Baba anasema hapa hakuna tena atakayempa kazi. Ufukoni kote wanamwita mharibifu."

"Na shule?"

"Shule gani?"

Kioko akatokeza na mzigo begani. "Nadhira, mwanangu, karibu. Tafadhali mwambie babako asisafiri mbali kwa injini ile. Oili ikirukia ekzosi yenye moto, chombo kitawaka naye ndani."

Maskini, mtu amefukuzwa, na bado anamhurumia aliyemfukuza! Nadhira hakuweza tena. Alitimua mbio mpaka ufukoni. Babake alikuwa amekwisha pakia makapu ya mboga, mkono uko kwenye mtambo wa kuwashia.

"Baba, usiwashe! Nimeliziba mimi! Bomba la kupumulia, nimeliziba mimi kwa tambara!"

Bwana Aqil aliuachia mtambo. Alikwenda nyuma ya ubao, akalichokonoa bomba kwa waya, na tambara likatoka linachuruzika oili. Akaipangusa injini, akaiwasha. Moshi mzito ukafoka bombani. Alichungulia mbele, akachungulia nyuma. Oili haikumwagika tena, ilidondoka kidogo tu. Akaizima, akamwomba jirani ampelekee mboga melini.

"Twende," alimwambia bintiye.

Kioko alikuwa bado anafunga mizigo.

"Bwana Kioko, nimekukosea," alisema Bwana Aqil. "Nilikutukana mbele za watu, na mbele za watu wale wale nitakuomba radhi. Usiondoke."

Kioko aliuweka chini mzigo aliokuwa akiufunga. "Na mimi nilikosea. Nilikimbilia gasketi kabla ya kulifuata bomba mpaka mwisho. Lakini nikirudi, chombo kinapandishwa nchi kavu leo hii. Tambara limetoka, ringi bado ni zile zile mbovu."

"Kipandishe. Uliniambia zamani, nikapuuza."

Kisha Bwana Aqil akamgeukia Nadhira, ambaye alikuwa akilia.

"Nadhira!"

"Abee, baba."

"Kuziba bomba ni ujinga, na mjinga hufundishwa akajua. Kilichoniuma ni kwamba ulijua, ukaniacha nimfukuze mtu asiye na hatia. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama mimi nimekasirika. Kosa dogo ukilificha, anayeumia ni mwingine. Sasa usinililie mimi. Nenda ukamwombe radhi Mwikali."

Nadhira akaenda mlangoni, akamweleza rafiki yake yote, tangu leso za shangazi mpaka ile ndoo. Mwikali alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini ungesema jana, mama asingelia usiku kucha."

Nadhira akajifuta machozi, akaingia ndani kumwomba radhi mamake Mwikali.