Chaki Kwenye Shafti

Haya ni kweli tupu. Nikiwa nimeongeza hata punje moja ya chumvi, kweleakwelea waumalize uwele wangu wote wa mwaka huu. Mimi ni mstaafu, sitafuti kura wala cheo, nidanganye kwa faida gani?

Ilikuwa mwaka 1974, asubuhi ya mnada, pale Singida mjini. Gari dogo jekundu, la aina ile ya kukimbizana mashindanoni, lilikuja likitetemeka mpaka sufuria za wachuuzi zikaanza kucheza ngoma zenyewe. Likasimama mbele ya gereji ya ushirika. Akashuka msichana mwenye gauni la kijani na mkanda mweupe, viatu kavishika mkononi. Huyo ndiye Luciana, opereta wa simu pale posta.

"Fundi ni nani hapa?"

Zefania alitambaa kutoka chini ya lori, ovaroli nyeusi kwa oili. "Ni mimi, dada. Mbona unaendesha pekupeku?"

"Viatu vinaudanganya mguu. Wewe tazama gari, miguu niachie mwenyewe."

"Miguu nayo ni sehemu ya gari."

Mughwai, fundi mwenzake, alicheka mpaka spana ikamponyoka. Luciana hakucheka. Alieleza shida yake kwa sauti ya chini.

Gari lilikuwa la baba yake, Mzee Isaka, karani mstaafu wa mahakama, aliyelinunua kwa mpima madini mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Sasa mzee alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, na daktari alikataza asitikiswe. Kwao karibu na Shelui kaya zote zilitakiwa kuhamia kijiji kipya mwisho wa mwezi, na nyumba za zamani kubomolewa. Mzee alitaka kitu kimoja tu: akae tena mlangoni kwa mama yake kabla mlango haujaondoka. Basi lingemuua njiani. Lilibaki gari hilo, kama lingetulia.

Zefania aliupata ugonjwa siku hiyo hiyo. Ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma, krosi zake, vile viungo vya msalaba vya nchani, zilikuwa zimekwisha. Kabla ya kuitenganisha alichora mstari wa chaki pale vipande viwili vinapoingiana, ili virudi kama vilivyotoka. Kisha akaenda kutafuta krosi mpya.

Luciana alipotoka kazini alipita gereji na viazi vitamu vya moto. Hakumkuta. Akakunja mikono ya gauni, akamimina mafuta ya taa, akaosha vyuma vyote mpaka vikang'aa.

"Nimekusaidia," alimwambia Zefania aliporudi.

Zefania alimtazama yeye, hakuitazama shafti. Dhambi yote ilianzia hapo.

Gari likafungwa. Likafika mwendo wa maili arobaini kwa saa, likatetemeka kupita mwanzo. Alibadilisha magurudumu, akakaza maunti, ile mipira inayoishika injini, akafungua tena. Siku sita zikapita, na kila jioni alipiga simu kutoka duka la jirani.

"Posta. Namba ngapi?"

"Nipe ile yenye sauti hii hii."

"Namba hiyo ina shughuli, fundi."

"Nitasubiri kwenye laini."

"Laini ni ya serikali, mpenzi. Sema haraka."

Neno lilikuwa limeshatoka. Serikali ikasubiri.

Kesho yake Mughwai, akiwa kwenye foleni ya posta, alitania kwa sauti: "Gari lile haliponi ng'o. Likipona, Zefania atamwona nani?" Watu wakacheka. Luciana alikuwa ametoka nyumbani akimwacha baba yake anauma blanketi kwa maumivu. Jioni simu ilipolia alikuwa tayari.

"Unauchezea mgongo wa baba ili unione mimi?"

"Lusi, sikiliza..."

"Zimebaki siku nne. Kesho nakuja kulichukua. Usinipigie tena."

Akachomoa plagi.

Zefania alirudi akalala chini ya gari. Safari hii hakumfikiria mtu, aliitazama shafti. Ncha zake mbili hazikuelekeana. Hakuelewa, maana alama aliiweka mwenyewe.

Luciana alipofika asubuhi, amekunja uso, Zefania alisema, "Swali moja tu, dada, kisha uende. Ulipoiosha shafti, ulikuta mstari mweupe?"

"Wa chaki? Niliufuta. Si ulikuwa uchafu?"

Akamwonyesha. "Ncha hizi zinatakiwa zitazame upande mmoja. Nilipoirudisha bila alama, niliikosea jino moja. Hii ikivuta, ile inagoma."

Luciana akaketi juu ya tairi. "Basi aliyemtesa baba ni mimi."

"Hapana. Fundi hupiga alama kwa patasi. Chaki ni ya mwalimu. Tena nilikuwa nakutazama wewe."

Akairudisha jino moja. Gari lilifika mwendo wa maili hamsini kwa saa, kikombe cha chai juu ya dashibodi kisimwagike.

Jumamosi tukaondoka, nami, ndugu yake Zefania, nilikuwemo. Tulipoteremka mlima Sekenke Mzee Isaka alikuwa anaimba. Akashuka kwa miguu yake, akaketi mlangoni kwa mama yake, akamkabidhi Zefania binti yake papo hapo. Mbuzi watatu walichinjwa.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia kuandika. Jumapili iliyopita niliwapelekea Zefania na Luciana wenyewe, nikawasomea sebuleni kwao.

"Shemeji, wewe ulikaa wapi?" Luciana aliuliza.

"Kiti cha nyuma."

"Kiti gani? Nyuma ni kishubaka, na nilikuwemo mimi, magoti kidevuni." Akaweka kikombe chake mezani. "Na baba hakuimba."

Zefania alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Alikata roho tukipita Misigiri, hata Sekenke hatujaifika. Mimi nilidhani amelala, gari lilivyokuwa limetulia. Huyu, aliyekuwa anaendesha, alijua. Akamshika bega asianguke. Kila akibadilisha gia anarudisha mkono begani, Sekenke yote, mpaka mlangoni kwa bibi. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, 'Nilitaka uwe na baba mpaka nyumbani.' Hapo ndipo nilipomkubali. Siyo gereji."

Nikauliza faini yangu kwa chumvi niliyoongeza.

"Jogoo," alisema Zefania.

"Na uandike ilivyokuwa," alisema Luciana.

Jogoo nimempeleka jana. Na haya ya mwisho nimeyaandika mezani kwa Luciana, yeye akisimamia neno kwa neno. Nilipofika pale penye bega alinisimamisha, akatoka nje. Alikaa huko muda. Kisha akarudi, akavuta kiti, akasema, "Haya, endelea."