Moja Mbele ya Saba

Kila asubuhi, kabla jua halijapita paa la jirani, Chiriku alikuwa ameshazunguka bustani yote nyuma ya nyumba, simu mkononi. Simu yenyewe ilikuwa mkweche alioachiwa na mjomba wake. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, haikupiga wala kupokea, ila kamera yake ilikuwa nzima. Alipiga picha za umande kwenye majani ya maboga, za buibui na utando wake, za konokono waliojibanza chini ya ndoo.

“Konokono tena?” jirani yao, Bi Miche, alimtania kutoka upande wa pili wa ua, akimwagilia miche yake ya kuuza. “Wewe mtoto! Siku konokono akichana nywele ndipo umpige picha.”

Chiriku alitabasamu bila kujibu. Jina hilo la ndege mpiga kelele alibandikwa akiwa darasa la pili, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku nzima ingeweza kupita asitoe maneno kumi.

Miaka miwili iliyopita, madaktari waligundua saratani katika figo lake la kushoto. Walilitoa figo hilo, wakampa dawa kali zilizomaliza nywele zote, na baada ya miezi mingi wakasema matibabu yamekwisha. Nywele ziliota upya. Marafiki ndio hawakurudi. Msichana waliyekuwa wakikaa naye dawati moja alihamia dawati la mbele. “Mama amenikataza kunywa maji kwenye chupa yako,” alimweleza, tena kwa upole, kana kwamba anamwambia saa. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi kwamba saratani haiambukizi. Walisikiliza, wakaitikia, na wakati wa mapumziko wakaenda kucheza bila yeye.

Kliniki nayo haikwisha. Kila baada ya miezi mitatu Chiriku alirudi hospitali kupimwa damu na kupigwa picha ya tumbo, ili ijulikane kama ugonjwa haujarudi. Safari ya mwisho, Mama alikuwa kwenye foleni ya dawa wakati muuguzi alipoandika tarehe nyingine kwenye kadi: tarehe saba. Jioni ile, peke yake chumbani, Chiriku alichukua kalamu ya bluu akaongeza moja mbele ya saba. Ikawa kumi na saba.

Mama alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na ruhusa ilibidi iombwe mapema. Aliisoma kadi, akaomba ruhusa ya tarehe kumi na saba. Hakushuku chochote.

Baadaye Chiriku alijipatia sababu: mlimau wa bustanini. Wiki mbili hivi kabla ya tarehe saba, kiwavi mnene wa kijani alikuwa amejining'iniza kwenye kitawi cha mlimau ule na kugeuka pupa, kile kifuko ambamo kiwavi hukaa mpaka awe kipepeo. Chiriku alipiga hesabu. Kipepeo angetoka tarehe saba au karibu na hapo. Angekosaje kumpiga picha? Kila siku alikipiga picha kile kifuko, akakizoea, hata akawa anakisalimu. “Umeamkaje?” alikinong'oneza. Shule zilikuwa zimefungwa, Mama alitoka alfajiri na kurudi jioni, na hapakuwa na mwingine wa kumsalimu.

Tarehe saba ilipofika alibeba kigoda akaketi mbele ya mlimau. Saa nne hivi aliona kitundu kidogo ubavuni mwa pupa. Akaielekeza kamera.

Aliyetoka hakuwa kipepeo. Alikuwa mdudu mdogo kuliko sisimizi, mweusi wa kung'aa, mwenye mabawa. Akafuata wa pili, wa tatu, wa kumi. Walitoka mmoja mmoja kupitia kitundu kilekile, wakajifuta miguu, wakaruka. Chiriku aliendelea kubonyeza mpaka mkono ulipomshuka wenyewe.

“Bi Miche!” aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kupaza sauti. “Bi Miche, njoo uone!”

Bi Miche alikuja akijifuta udongo mikononi, akainama, akaguna. “Hao ni nyigu, mjukuu wangu. Kuna aina ndogo hiyo. Mama yao alitaga mayai humo siku nyingi. Watoto wamekula ndani mpaka wamemaliza.”

“Lakini alikuwa mzima! Nilimwangalia kila siku!”

“Ulimwangalia kwa nje.”

Bi Miche alirudi kwenye miche yake. Chiriku akafungua picha zake za siku zilizopita, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na mbili, na katika zote kifuko kilikuwa cha kijani, laini, kizuri. Alizitazama mara ya pili, akitafuta siku ambayo mambo yaliharibika. Hakuiona. Akajikuta ameweka kiganja juu ya kovu lake, chini ya mbavu.

Mama aliporudi, akiwa bado na unga kwenye nyusi, alimkuta Chiriku ameketi mlangoni na kadi ya kliniki mapajani.

“Mama, tarehe ilikuwa leo. Hii moja niliiongeza mimi.”

Mama aliichukua kadi, akaisogeza karibu na taa. Chiriku alitamani afokewe, yaishe.

“Kwa nini, mwanangu?”

“Nilitaka kumpiga picha kipepeo.” Akatikisa kichwa. Kisha akasema, “Sio hilo. Mama, Kofia hakuja kliniki mara ya mwisho. Nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu, na hakuna aliyesema yuko wapi. Nikadhani amekufa. Nikaona nikienda, na mimi wataniambia ugonjwa umerudi.”

Kofia, aliyeitwa hivyo kwa kofia asiyoivua, alikuwa msichana wa rika lake, na tarehe zao za kliniki zilikuwa zikiangukia siku moja. Ndiye mtoto pekee ambaye Chiriku aliwahi kumwonyesha kovu lake.

Mama akaketi sakafuni kando yake. “Mimi pia niliiona nafasi ile,” alisema polepole. “Sikuuliza. Niliogopa kama wewe. Tumekaa nyumba moja, kila mtu na hofu yake.” Akamfuta machozi, akamwachia alama ya unga shavuni. “Kesho asubuhi tunakwenda. Kazini nitajieleza.”

Kliniki, muuguzi aliangalia kadi, kisha akamwangalia Chiriku.

“Mlitegemewa jana.”

“Nilibadilisha tarehe mimi,” alisema Chiriku kabla Mama hajafungua mdomo. “Samahani.”

Walimchoma sindano, wakampaka jeli baridi tumboni. Daktari alikizungusha kipimo pale palipokuwa na figo, mbele na nyuma, bila haraka. “Pasafi,” alisema mwishowe. “Hakuna kitu.”

Chiriku hakushangilia. “Na Kofia?” aliuliza.

Muuguzi akavuta kiti. “Ugonjwa wake ulirudi. Tuliukuta siku ile mliyokutana mara ya mwisho, alipoletwa kupimwa, ukiwa mdogo kama punje ya maharage. Yuko wodi ya juu, anaendelea na dawa, na zinamsaidia. Sikiliza, binti. Kipimo hakileti ugonjwa. Ukiwepo upo, tupime tusipime. Kofia hakuwa na dalili yoyote. Angeongeza siku kumi, na nyingine kumi, leo tungekuwa na kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo tarehe usiiguse tena. Na ukiogopa, sema. Kuogopa si kosa. Kosa ni kuficha kinachohitaji msaada. Na sisi wakubwa tulipaswa kukuambia mapema aliko mwenzako.”

“Naweza kumwona?”

Mama alimsindikiza hadi mlango wa wodi. Kofia alikuwa kitanda cha dirishani, amekonda, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi.

“Nilidhani umenisahau,” alisema.

“Niliogopa kuuliza.”

Kofia alimtazama kidogo. Kisha akavuta miguu yake chini ya shuka, akamwachia nafasi ya kukaa.