Idhini Kutoka Chole

Kila Jumamosi Atupele alifua sare zake mapema, akamsaidia mama yake kuanika, kisha akatembea hadi kwenye ukumbi mdogo wa klabu ya kompyuta, hapo Kibaha. Alikuwa kidato cha kwanza, na muhula huo alikuwa na kazi aliyoionea fahari: mlinzi wa mipangilio.

Klabu yao na klabu ya Chole, kule Kisarawe, zilitengeneza pamoja programu ya kuwakumbusha kina mama siku ya kliniki ya watoto kwa meseji. Programu hiyo ilihifadhiwa mtandaoni, katika ghala linaloweka kumbukumbu ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Kulisimamia ghala, Atupele aliandika amri fupi tu kwenye kompyuta. Amri ilipita kwenye API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuzungumza na nyingine. Amri ya kusoma ilimletea orodha ya mipangilio yote, yaani kanuni za ghala. Amri ya kubadili iligeuza mpangilio alioutaja, mingine ikabaki kama ilivyokuwa.

Mpangilio mmoja ulisema hivi: badiliko lolote lazima liidhinishwe na mtu wa klabu ya pili.

Jumamosi hiyo Atupele aliandika siku za kliniki za Chole, akazituma, akasubiri idhini ya Mwanaamina, mwenzake wa huko. Saa tano, kimya. Saa saba, kimya. Na saa kumi jioni meseji zingetoka zenyewe kwenda kwa kina mama arobaini.

"Huyu Mwanaamina kalala," alisema.

"Mtandao wa kwao si unasumbua?" alijibu Khalfani, aliyekaa kwenye kompyuta ya jirani. "Mpigie."

"Nimpigie wa nini? Kliniki ni Jumanne, nani asiyejua?"

Akaandika amri ya kubadili: idhini, hapana. Jibu likarudi papo hapo: imekubaliwa. Akaiingiza orodha yake, akajinyoosha, akaenda zake kula mihogo.

Saa tisa na nusu simu ya klabu ikaita.

"We Atupele! Mtandao ndio kwanza umerudi. Nani kaipitisha hii orodha? Mimi sijaidhinisha kitu!" Alikuwa Mwanaamina, anahema.

"Nilikusubiri sana, shoga..."

"Umeandika Jumanne! Jumanne ni kwenu mjini. Huku nesi anakuja Alhamisi tu. Unataka kina mama waache shamba, wabebe watoto, waje kukodolea macho mlango uliofungwa? Shangazi yangu Sada anatembea saa mbili nzima!"

Atupele angeweza kusahihisha kimyakimya, akarudisha idhini, akasema mtambo ndio uliokosea. Madam Justa, mwalimu wao, alikuwa ubaoni, hajui lolote. Lakini Atupele akamfikiria shangazi huyo asiyemjua, na mtoto mgongoni, na chanjo inayokosekana. Akasimama.

"Madam, nimezima idhini. Nimeizima mimi, kwa makusudi. Na nimeweka siku ambazo sizo."

Madam Justa akaweka kalamu chini. "Meseji zimeshatoka?"

"Bado. Saa kumi."

"Basi tufanye kazi. Unaanza na nini?"

"Kusoma."

Akatuma amri ya kusoma. Idhini: hapana. Neno hilo lilimwaibisha kuliko maneno ya Mwanaamina. Akaligeuza kuwa ndiyo, akasoma tena kuhakikisha, ndipo akarekebisha orodha na kuituma. Sasa hakuweza kuipitisha peke yake.

"Madam, mtandao wa Chole ukikatika je?"

"Tutasimamisha meseji za leo. Hatutumi kitu ambacho mtu wa Chole hajakiona."

Simu ikaita. "Nipo dukani, mtandao umetulia," alisema Mwanaamina. "Naiona. Alhamisi, Alhamisi... haya, ya mwisho umeiacha Jumanne! Unaipenda sana hiyo Jumanne, uolewe nayo."

Khalfani akaangua kicheko. Atupele naye akacheka huku akisahihisha. Saa kumi kasoro dakika nne, idhini ikaingia.

Meseji zilipokwisha kutoka, Madam Justa akavuta kiti karibu naye.

"Ufunguo wako wa kuingilia ghalani utakuwa wa kusoma tu kwa mwezi mmoja. Kubadili, hapana."

"Sawa, Madam."

"Ila usiondoke umeinamisha kichwa. Umekuja kusema kabla sijakuuliza, ndiyo maana nusu saa imetutosha. Ungeficha, ile Jumanne ya mwisho ingemfikia mama wa watu. Idhini hatukuiweka kwa kukosa imani nawe, mwanangu. Tuliiweka kwa sababu wewe unaijua Kibaha, na Mwanaamina anaijua Chole. Ukikabidhiwa kazi ya wengi, usiwaruke wenzako hata kama wanachelewa. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."