Bukta ya Mjomba

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia vipande vya satini chini ya cherehani ya Mama. Mama alikuwa fundi wa nguo za ngumi. Alishona bukta na majoho ya mabondia, yale yenye majina yanayong'aa mgongoni, na mimi nilijifunza hapo hapo pembeni yake. Nilipotimiza miaka kumi na miwili niliweza kutia lastiki kwenye kiuno cha bukta bila mshono kupinda. Baba alikuwa promota. Yeye ndiye aliyetafuta mabondia, akakodi ukumbi, akabandika mabango na kuuza tiketi. Sebule yetu ndiyo iliyokuwa ofisi yake.

Kutia chumvi kulikuwa sehemu ya kazi ya Baba. Bondia aliyeshinda mara mbili, kwenye bango aliitwa "Mfalme wa Ulingo". Aliyepigwa kila alipopanda aliitwa "Mzoefu". Mama alikuwa akimcheka, naye Baba alicheka pia. Lakini mwezi ule hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza Bibi, mvua haikukatika, na zikiwa zimebaki siku nne kufika pambano la uzito wa juu, bondia wa Baba alivunjika mkono mazoezini.

Tiketi zote zilikuwa zimekwisha. Mwaka uliotangulia Baba aliwahi kuahirisha pambano, watu wakavunja viti na kumwita tapeli hadi barabarani. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hataahirisha tena. Alishinda na simu sikioni akitafuta mtu wa kupigana na Kontena, bondia wa kilo mia moja ishirini na nne. Kila aliyepigiwa aligundua ghafla kwamba ana safari.

Mwishowe alimwita Mjomba, mdogo wake Mama. Mjomba alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na ngumi alipigana mara mojamoja.

"Shemeji, mimi nina kilo themanini na sita," alisema Mjomba. "Uzito wa juu unaanzia tisini na moja. Hata nikila na huo mlango sifiki."

"Utakunywa maji. Wenzako wanajinyima chakula ili wapungue, wewe unaambiwa ule, bado unalalamika?"

"Na kilo zitakazobaki?"

Baba aliigeukia cherehani. Alinitazama mimi.

Siku iliyofuata alinipa mfuko mdogo uliokuwa mzito ajabu. Ndani mlikuwa na vipande vya risasi, ile metali ya kijivu wanayobandika kwenye magurudumu ya magari ili yasiyumbe. Alivipata gereji. Akanitaka nivishone ndani ya kiuno cha bukta, vizunguke pande zote, visionekane.

"Ni kwa ajili ya mizani tu, mwanangu. Ni mambo ya karatasi. Siku ya pambano atavaa bukta nyingine."

"Nimwambie Mama?"

"Mama yako ana ya kwake huko. Usimwongezee mawazo."

Nilikaa kwenye kiti cha Mama, nikashona. Nitasema kweli, nilijivunia kazi yangu. Bitana niliikunja mara mbili, nikapita juu yake kwa uzi mnene, na ukiitazama bukta ile usingejua kitu. Baba aliigeuza ndani nje, akanipiga begani na kuniita fundi mkuu. Nilifurahi mpaka aibu inanishika nikikumbuka.

Kesho yake nilitumwa kupeleka joho la Kontena kwenye ukumbi wake wa mazoezi. Nilimkuta akipiga gunia. Kila ngumi ilipotua, mnyororo ulilia na vumbi likamwagika kutoka darini. Mwenzake wa mazoezi alikaa kwenye benchi akiwa na barafu shavuni, jicho moja limefunga. Kontena aliponiona aliacha, akajifuta mikono, akalipokea joho kwa adabu kama ananipokea mimi mgeni.

"Mshukuru mama yako," alisema. "Na umwambie baba yako asiniletee mtu mdogo. Kengele ikilia siwezi kupiga nusu nusu. Nikipiga nusu, nitapigwa mimi."

Nilirudi nyumbani na mvua. Jioni nilimkuta Mjomba mezani mbele ya mkungu wa ndizi na ndoo ya maji ya kunywa. Tumbo lilikuwa limemvimba na macho yamemtoka.

"Mjomba, usipigane."

"Leo sisi ni ng'ombe wa kunenepeshwa, mpwa wangu," akanitania. Akaweka kikombe chini. Akashusha sauti. "Nikikataa, shemeji ataitwa tapeli tena, na dada yangu ataitwa mke wa tapeli. Ni raundi sita tu. Nitakimbia."

Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Kila nilipofumba macho nililiona lile jicho lililofunga.

Siku ya kupima uzito ukumbi ulijaa wapiga picha na mashabiki. Kontena alipanda mizani kwanza, watu wakapiga makofi. Mjomba akafuata akiwa amevaa bukta yangu, amejikaza, anatembea kama mtu aliyebeba debe kiunoni. Daktari wa chama cha ngumi, mama mmoja mwenye miwani mizito, aliinama akasoma.

"Tisini na moja na nusu. Sawa."

Baba alishusha pumzi. Nilimtazama Mjomba, kisha nikamtazama Kontena aliyesimama kando yake. Mjomba alimfika begani. Kesho yake jioni kengele ingelia, na mimi ningekuwa nimemsukuma ulingoni kwa mikono yangu. Nikapiga moyo konde. Nilipenya katikati ya wapiga picha mpaka kwenye mizani.

"Daktari, bukta ya Mjomba ina risasi kiunoni. Ni mimi niliyeishona."

Wapiga picha walinigeukia. Baba alisema kwa haraka, "Mtoto huyu ana mchezo," akanishika mkono kunivuta nyuma. Daktari alipapasa kiuno cha bukta, akamchukua Mjomba nyuma ya pazia, na walipotoka alisoma tena kwa sauti: themanini na nane na nusu, pamoja na maji yote yale. Pambano likafutwa.

Watu walizomea. Mabango yalichanwa. Baba alifungiwa mwaka mzima na chama, na viti vikavunjwa tena. Shuleni wenzangu waliniita "Mizani". Baba hakunipiga wala hakunigombeza, ila aliacha kunisemesha, na hilo liliniuma zaidi. Niliweka chai mezani, akainywa akiangalia ukuta. Mama aliporudi alisikia yote, akaifunika cherehani kwa kitambaa, akakaa akanishika mkono. Mjomba alirudi kwenye rangi zake, naye akawa haji kwetu kwa aibu.

Wiki tatu baadaye promota mwingine alimpata mtu wa kupigana na Kontena. Mtu mzima kweli, mwenye uzito halali. Alianguka raundi ya nne, akachukuliwa na gari la wagonjwa. Tulisikia redioni. Baba alizima redio, akavaa viatu, akatoka bila kuaga.

Alirudi saa kumi alasiri. Nilikuwa nafagia. Alikaa sakafuni palepale karibu nami, na suruali yake nzuri.

"Nimetoka kumwona hospitali," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha tangu siku ya mizani. "Mkewe anamtajia jina la mtoto wao, naye anauliza huyo ni nani. Daktari anasema huenda akabaki hivyo. Kontena naye amekaa nje kwenye benchi, analia."

Nilichuchumaa na ufagio mkononi.

"Yule ana kilo mia moja na tano," Baba akaendelea. "Mjomba wako ana ngapi?"

"Themanini na sita."

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona Baba akilia, nikaogopa, nikaacha ufagio na kumwegemea. Mama alisimama mlangoni akitutazama, naye hakuingilia.

"Nimewaambia watu wote kwamba umenivunjia biashara," alisema Baba alipoweza kuongea. "Sasa nitakwenda kwa mjomba wako nimwombe radhi, na wewe nakuomba radhi hapa hapa. Nisikilize vizuri, mwanangu. Mtu mzima akikwambia jambo ni la karatasi tu, na papo hapo anakukataza usimwambie mama yako, usilifanye. Hata kama mtu huyo ni mimi."