Nyumba Tuliyoiuza kwa Faida

Mwili wa mama mkwe uko kwenye gari, mvua inanyesha... na hatuna pa kuushusha.

"Tunaelekea wapi, jamani?" dereva anauliza kwa mara ya pili.

Mume wangu Eliufoo anaangalia viatu vyake.

Mazishi ni kesho, kwao Mamba, milimani. Lakini mama alikuwa mzee wa kanisa hapa Same mjini, watu wanataka kumuaga nyumbani. Nyumbani wapi sasa? Tulikopanga, mwenye nyumba alishakataa.

"Msiba hapa hapana, Mama Agape. Hata pa kuweka viti hakuna."

Na boma letu jipya limeishia kwenye lenta. Halina bati, ndani ni madimbwi.

Naitwa Evaline. Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Tulikuwa na nyumba yetu. Vyumba vitatu, na milimao miwili aliyoipanda mama mkwe mbele ya baraza. Tuliijenga kidogo kidogo tulipooana, kwa milioni kumi na nane tu.

Miaka mitatu iliyopita, dalali mmoja akamwambia mume wangu itauzika arobaini na tano. Siku hiyo Eliufoo hata kula hakula.

"Faida milioni ishirini na saba, Mama Agape! Tunajenga kubwa zaidi, na chenji inabaki."

"Baba Agape, yetu ikipanda, vitu vingine vimelala?"

"Wewe kazi yako kukatisha watu tamaa."

Kumbe wakati tunabishana, mwenzangu alishapokea malipo ya kwanza. Niliumia, jamani. Nilisaini huku nalia.

Kiwanja peke yake kikameza robo ya pesa. Kisha akangoja, eti saruji itashuka. Haikushuka. Nondo, kokoto, fundi, vyote vilikuwa vimepanda pamoja na ile nyumba aliyoiuza. Faida aliyoihesabu haikuwahi kuwepo. Kilichobaki kikaliwa na kodi ya pango.

Na kila jioni mama mkwe alikuwa anauliza, "Wanangu, mmeshapaua?"

"Bado kidogo, mama," Eliufoo anamjibu.

Sasa turudi kwenye gari.

Simu yangu ikaita. Mzee Iddi, yule aliyenunua nyumba yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Poleni sana. Mbona mnachelewa? Turubai tumeshafunga."

"Turubai... wapi, mzee?"

"Hapa. Kwa mama yenu."

Akanieleza.

Mama mkwe, kila akitoka kliniki, alikuwa anapitia kule. Anawapelekea tangawizi ya Mamba, anamwagilia milimao yake, anakaa barazani kidogo, ndipo anarudi kwetu. Mwezi uliopita alimwomba mzee Iddi kitu kimoja.

"Nikifa, wanangu watakosa pa kunishusha. Naomba nilale hapa usiku mmoja. Usimwambie Eliufoo, ataona aibu."

Alijua. Jioni zote zile tukimdanganya, mama alikuwa anajua...

Tukaenda. Sebule ilikuwa imeshaondolewa viti, mikeka imetandikwa. Eliufoo akabaki amesimama getini, geti alilolichomelea mwenyewe, hadi mzee Iddi alipomshika mkono.

"Karibu ndani, mwanangu."

Kukaribishwa kwenye nyumba uliyoijenga! Mume wangu alilia mpaka hasira zangu zote zikaisha.

Wapendwa, ukiambiwa nyumba yako imepanda bei, usikimbilie kushangilia. Ulizia kwanza nyingine kama hiyo itajengwa kwa shilingi ngapi leo, siyo mwaka ule ulipojenga. Sisi tuliuza kwa bei ya leo tukapanga kujenga kwa bei ya zamani, na mama akaondoka bila kulala hata siku moja kwenye nyumba tuliyomwahidi.

Jana nilimkuta Eliufoo kule kwenye boma, anapanda mche wa mlimao aliopewa na mzee Iddi. Sikumuuliza tutapaua lini.