Mkate wa Jibini la Kahawia

Hadithi hii nilipewa na wifi yangu Gunnvor, majira ya baridi yale theluji ilipoziba barabara ya kijijini, sisi wawili tukifuma soksi jikoni kwake. Mambo haya yalipotokea yeye alikuwa mdogo, wa kubebwa mabegani akichoka.

Jumapili za kiangazi, sisi watu wa Sogndal tulipanda milimani na chakula chetu mkobani. Kwao Gunnvor, kila Jumamosi jioni Mama alikata mkate, akapaka siagi, akaweka jibini la kahawia la maziwa ya mbuzi, na kati ya kipande na kipande akatia karatasi ili visigandane. Mwaka ule Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo kazi ikamwangukia Eldrid, dada yake Gunnvor, mwenye miaka kumi na miwili.

"Weka jibini la kahawia na soseji kavu," Mama alimwambia Jumamosi moja jioni. "Vitu visivyoogopa jua. Babu yenu anataka kufika tena kwenye kibanda cha malisho alikochungia mbuzi utotoni. Na magoti yake yale, mwakani sidhani kama atapanda."

Binamu yao Vibeke, aliyekuja likizo kutoka Bergen, alisimama mlangoni akicheka.

"Jibini la kahawia tena? Nyie mnakula kama mbuzi wenyewe! Sisi mjini tunaweka kamba wa baharini na mayonezi."

Eldrid aliona haya. Vibeke alikuwa amekuja na kamba waliochemshwa, na waliobaki walikuwa kwenye ubaridi wa chumba cha chini. Asubuhi, Mama akiwa bado amelala, Eldrid akawachanganya na mayonezi na kujaza mikate. Kamba walipoisha, vipande vilivyosalia akaviwekea jibini la kahawia harakaharaka, akavitia kwenye kopo la bati na kuvificha chini kabisa mkobani.

Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Jua siku hiyo lilikuwa kali. Baba alimshika Babu mkono penye mawe, na Babu hakuchoka kuonyesha kwa fimbo. "Pale mbuzi mmoja alinipiga pembe, nikatumbukia mtoni na viatu vyangu vya kanisani!"

Walipofika darajani Babu alikuwa amepauka. "Tuleni kidogo, miguu inatetemeka," akasema, akaketi.

Eldrid akafungua mkoba. Harufu ya uchachu ikampiga puani. Mayonezi ilikuwa imechuruzika, karatasi za juu zote zimelowa.

"Nipe, dada!" Gunnvor alishanyoosha mkono.

Vibeke akainama sikioni kwa Eldrid. "Angusha mtoni. Sema umeteleza. Nani atajua?"

Eldrid alitazama maji yakienda kasi. Ilikuwa rahisi mno. Kisha akamtazama Babu, aliyekuwa akingoja kofia ikiwa magotini.

"Baba," akasema, "chakula kimeharibika. Mama aliniambia niweke jibini. Mimi nikaweka kamba, ili tusionekane washamba."

Baba akavua kofia yake. "Eldrid, mwanangu! Sasa Babu atapanda na nini tumboni? Basi, tunageuza."

Babu alitazama juu, njia inakopotelea kwenye miti, kisha akatazama chini. Eldrid akaanza kulia.

"Subiri, Sjur," Babu akamwambia Baba. "Hebu toeni vyote tuone. Hakuna hata kimoja kizima?"

Eldrid akakumbuka vile alivyovificha. Akavitoa kwa aibu, mikate ya jibini iliyokatwa upande upande, mikavu, mizima kabisa.

Babu akapasua kicheko. "Hii ndiyo niliyokula maisha yangu yote! Gawa, mjukuu wangu. Na huyu wa Bergen mpe kikubwa, anywe na maji ya mto kama mbuzi."

Vibeke akala, akaomba kipande kingine, hakikuwepo.

Wakafika. Paa la kibanda lilikuwa limeota majani. Babu aliufungua mlango, akasimama pale ambapo zamani mama yake alikuwa akikoroga sufuria ya jibini kutwa nzima, mpaka maziwa yageuke rangi. Alikuwa amebakiza kipande kidogo cha mkate. Alikila hapo, polepole, macho amefumba. Hakuna aliyemharakisha.

Jioni, jua likiwa bado dirishani kama ilivyo kiangazi kwetu, Mama aliketi kitandani kwa Eldrid. Baba alikuwa amemweleza yote.

"Chakula cha safari si cha kuringia watu," alisema. "Ni cha kukufikisha uendako na kukurudisha mzima. Hilo ulikosea. Lakini ungenyamaza, sasa hivi ningekuwa namshikia Gunnvor ndoo akitapika. Ukikosea, sema mapema, watu wapate kukusaidia."

Akambusu, akaenda kulala na mtoto wake. Vibeke na Gunnvor walishalala zamani. Nyuma ya ukuta Babu alikoroma, akanyamaza, akakoroma tena. Eldrid akamsikiliza kidogo, akavuta blanketi kufunika macho yasione mwanga, naye akalala.