Jina la Mwisho kwenye Orodha ya Kikosi

Shangazi yangu Orpha Tadlock aliishi peke yake katika nyumba ya ukoo, huku kwetu Karolina Kaskazini, na kwa miaka sita alikuwa na kazi moja tu: kumsafishia jina Lemuel, kaka wa babu yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimchukua akiwa na miaka kumi na saba, akatiwa kwenye kikosi cha vijana wa akiba, asirudi tena. Ofisi ya kumbukumbu ilituma nakala ya orodha ya kikosi. Mbele ya jina lake waliandika: mtoro. Na mtoro hapewi jiwe la kaburi la askari.

"Lemuel aliogopa giza," shangazi alinilalamikia kwenye simu. "Angetorokea wapi peke yake?"

Kwetu, Jumapili ya kupamba makaburi, majina ya marehemu husomwa na ndugu wa kila mmoja huitikia "Yupo." Mwaka ule mvua ilitutawanya mapema. Shangazi akabaki makaburini, mchana uleule, akaisoma orodha ya kikosi kizima kwa sauti, maana vijana wale hawakuwa na mtu wa kuwataja.

Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Alipofika kwa Lemuel akaitikia mwenyewe, kwa mazoea.

"Yupo."

Nyuma yake, alinisimulia baadaye, miguu mingi ikapiga ardhi kwa pamoja. Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo akawa anatembea barazani, huku na huku, kutwa nzima, pekupeku. Nilimpelekea maharage na mkate wa mahindi. Alikula amesimama.

"Shangazi, kaa basi."

"Shusha sauti, wewe," alinong'ona. "Niko lindoni. Hajaja wa kunipokea zamu."

Niliogopa, na roho iliniuma. Nikampakia garini kwa nguvu, nikamleta kwangu mjini. Alilia njia nzima.

"Umeniponza, mwanangu. Wataniandika."

Siku ya tatu alikufa, uso ukutani.

Nikaomba nakala nyingine ya orodha, nimalizie kazi yake. Ilifika nikiwa peke yangu mezani. Lemuel Tadlock: alitumikia hadi siku ya mwisho. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Kisha nikasoma mstari wa chini kabisa, wenye wino uleule uliofifia na mwandiko uleule wa karani wa zamani.

Orpha Tadlock. Mtoro.